Kumwokoa Mbwa wa Kienyeji na Kumpatia Boma: Mwongozo kwa Wanaojitolea Mbulu na Hanang

Mbwa ninayemzungumzia hapa unamfahamu. Manyoya yake ni mafupi, ya hudhurungi au meusi yenye baka jeupe kifuani. Tumbo limepanda, miguu ni mirefu, na mkia umejikunja juu ya mgongo. Utamkuta nyuma ya ng'ombe wa Wabarbaig karibu na Ziwa Balangida, pembeni mwa shamba la mahindi la Wairaqw kule Dongobesh, mbele ya bucha Katesh, na pamoja na wawindaji wa Kihadzabe Yaeda Chini. Wengi humwita mbwa koko, kana kwamba hana kwao.

Kwao ni hapa. Mwaka 2009 Adam Boyko na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mbwa wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Walikuta kwamba mbwa wengi wa vijijini barani wana asili yao wenyewe, mbali na mbwa waliozalishwa Ulaya. Mchanganyiko mkubwa waliuona katikati ya Namibia. Basi huyu wa kwetu hajatokana na mbwa wa kizungu waliotupwa. Ni aina kamili, iliyochujwa kwa vizazi vingi na kupe, ndorobo, fisi na njaa ya kiangazi. Mtu wa mjini anayelipa fedha nyingi kupata German Shepherd, kisha akamzika baada ya msimu mmoja wa kupe, alikuwa na mbwa bora zaidi nje ya geti lake.

Mwongozo huu ni wako unayetaka kusaidia bila malipo: mwalimu, mchungaji wa kanisa, kijana wa bodaboda, muuguzi, mama wa nyumbani mwenye uwanja wenye uzio. Huhitaji shirika ili uanze. Unahitaji subira, sabuni, daftari, na watu watatu au wanne wanaoaminiana.

Mtafute mwenyewe kwanza

Kosa linalofanywa na wengi wenye huruma ni kumchukua mbwa wa mtu. Katika vijiji vya Tanzania mbwa wengi wanaozurura wana wenyewe. Mbwa hufunguliwa asubuhi, hufuata ng'ombe au watoto, hupita bucha kutafuta mifupa, na jioni hurudi bomani. Ukimwona saa nne asubuhi, amekonda na ana kupe masikioni, unaweza kuapa kuwa hana mtu. Mfuate saa kumi na mbili jioni uone anakoelekea. Mara nyingi ataingia kwenye mji wa mtu, apokewe na watoto kwa jina lake, Simba au Bobi, na akalale mlangoni.

Kwa hiyo kabla hujamgusa, uliza. Anza na mwenyekiti wa kitongoji, kwa sababu ndiye atakayekulinda baadaye maneno yakizuka. Kisha waulize watoto wanaochunga. Wao wanajua mbwa wote wa bonde zima, nani mama wa nani, na nani aliuma mbuzi wa nani. Waulize wachinjaji na wauza chai wa mnadani. Siku ya mnada ni ya kuangalia sana, maana mbwa hufuata mifugo kutoka mbali, ng'ombe wakauzwa na kupakiwa kwenye lori, mwenye mali akaondoka na basi, mbwa akabaki. Huyo kweli amepotea, lakini mwenyewe huenda yuko kijiji cha tatu na angefurahi kumpata. Tuma habari kwa madereva wa bodaboda na kwa watendaji wa vijiji vya njiani, umpe muda wa wiki mbili hivi.

Ukimpata mwenyewe na mbwa ana hali mbaya, usianze kwa lawama. Nenda kama mgeni. Msalimie mzee shikamoo, kaa pale utakapoonyeshwa, uliza habari za mifugo na mvua kabla ya kumtaja mbwa. Halafu sema, "Mzee, nimeona mbwa wako ana kidonda. Nina dawa. Naomba ruhusa nimtibu." Sijaona njia nyingine inayofungua milango mingi kama hii. Mzee anayekukatalia chanjo leo atakuita mwenyewe siku mbwa mwingine akitapika. Na mbwa aliyetibiwa kwa mwenyewe ameokolewa bila kuhamishwa; huo ndio uokoaji ninaoupenda kuliko wote, ingawa hauna picha ya kupendeza ya kumwonyesha mtu.

Wanaostahili kuhamishwa ni wachache: watoto wa mbwa waliotupwa kando ya barabara, mbwa ambaye mwenyewe amefariki au amehama na hakuna wa kumrithi, jike aliyefukuzwa kwa kuzaa kila mara, na yule ambaye mwenyewe anakwambia mbele ya mashahidi, "Mchukue." Maneno hayo yaandike kwenye daftari na tarehe, mwenyekiti atie saini. Bila hivyo, kesho utaitwa mwizi wa mbwa, na anayekuita hivyo atakuwa na haki.

Kichaa cha mbwa: linda mikono yako kabla ya mioyo ya wengine

Hapa sitafupisha, kwa sababu ndipo watu hufa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, hakuna tiba. Karibu kila mgonjwa hufariki. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka ulimwenguni, karibu vyote vikitokana na kuumwa na mbwa. Kwa Tanzania, watafiti walichapisha mwaka 2002 makadirio ya vifo karibu 1,500 kwa mwaka, vingi zaidi ya vilivyokuwa vinaripotiwa hospitalini. Watoto ndio wanaoumwa zaidi, maana ndio wanaocheza na mbwa.

Kila anayejitolea kushika mbwa asiowajua achanjwe kabla. Uliza hospitali ya wilaya au Hospitali ya Kilutheri ya Haydom kuhusu chanjo ya kinga. Ni sindano mbili zinazotenganishwa na wiki moja. Gharama inauma, najua. Asiyeweza kuipata apewe kazi nyingine: kuandika, kupika chakula cha mbwa, kutafuta familia za kuwapokea. Kazi hizo ni nyingi na zinahitaji watu.

Mjue mbwa mgonjwa kwa mbali. Mbwa mkali aliyekuwa mpole, au mpole ghafla aliyekuwa mkali. Mate yanayochuruzika, taya lililolegea, sauti ya kubweka iliyobadilika ikawa ya kukwama, kuuma mawe na vijiti, kuyumba miguu ya nyuma, kutembea moja kwa moja bila kugeuka. Kuna aina ya kimya, ambapo mbwa anajificha tu gizani na hawezi kumeza. Watu hudhani amekwamwa na mfupa, wakaingiza mkono kinywani. Usifanye hivyo hata siku moja. Mbwa wa namna hiyo usimkamate. Watoe watoto, zuia mifugo, mpigie ofisa mifugo wa kata na mtendaji wa kijiji. Akifa, usimchune wala kumkata. Ofisa mifugo ndiye atakayeona namna ya kuchukua kichwa kwa ajili ya vipimo vya maabara.

Mtu akiumwa au kulambwa penye kidonda, aoshe jeraha mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Hesabu kwa saa, maana dakika kumi na tano ni ndefu kuliko unavyofikiri. Usipake majivu, mafuta ya taa, pilipili wala dawa ya mzizi. Usilifunge kwa nguvu. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, si baada ya mnada. Apewe chanjo na afuate ratiba yote ya sindano hata akijisikia mzima. Jeraha kubwa, la kichwani au mikononi, linaweza kuhitaji pia sindano ya kinga ya haraka kuzunguka kidonda. Virusi husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, kwa wiki au miezi. Muda huo ndio nafasi yetu ya pekee. Mbwa aliyeuma, kama anaonekana mzima na anaweza kufungiwa salama, asiuawe kwa hasira. Afungiwe na kuangaliwa kwa siku kumi. Akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa na virusi vya kichaa mateni alipouma, na daktari anaweza kuamua upya kuhusu mgonjwa.

Kumshika

Mbwa wa kienyeji amezoea kupigwa mawe. Ukiinama tu anadhani unaokota jiwe, anakimbia. Basi usiiname. Kaa chini mbali naye, ubavu ukimwelekea, usimkazie macho, umtupie kipande cha ugali wenye mchuzi wa dagaa. Rudi kesho saa ile ile na nguo zile zile. Baada ya siku kadhaa atakula karibu na mguu wako, na hapo utampitishia kitanzi cha kamba nene kwa utulivu. Kamba ya katani iliyosokotwa vizuri inatosha. Waya hapana, hata kwa dakika moja.

Usimfukuze kwa kundi la vijana. Mbwa aliyebanwa kwenye kona anauma, na huo si ukali wake bali hofu. Usimtie kwenye kiroba kilichofungwa mdomo. Wamekufa mbwa wengi njiani kwa kukosa hewa, na aliyempeleka anagundua anapofika. Tumia tenga kubwa la kuku lililofungwa juu kwa kamba, au kreti la mbao.

Jike mwenye watoto huachwa mpaka watoto wafikishe wiki nane, isipokuwa kama mahali penyewe pana hatari. Mpelekee chakula pale pale. Watoto wa wiki tano wanaochukuliwa mapema hukua wakiogopa kila kitu na huuma kwa urahisi. Lakini ukikuta watoto ambao macho hayajafunguka na mama hayupo, usingoje. Mbulu baridi huua kabla ya njaa, hasa Juni na Julai. Wapashe joto kwanza, kifuani kwako au kwa chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kwenye kitambaa. Mtoto wa mbwa aliyepoa akinyweshwa maziwa hayawezi kusagika tumboni. Wakishapata joto, wape maziwa ya mbuzi yaliyochemshwa na kupozwa, kidogo kidogo kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, wakiwa wamelala kifudifudi kama wanaponyonya. Kila baada ya kula, wafute sehemu za siri kwa kitambaa chenye maji vuguvugu ili wakojoe. Mama yao hufanya hivyo kwa ulimi.

Wiki za mwanzo nyumbani kwako

Mtenge. Chumba cha zana, banda la mbuzi lisilotumika, kona ya uwanja yenye paa. Umbali kutoka kwa mbwa wako na kwa watoto wadogo uwe wa kweli, kwa angalau wiki mbili.

Chakula hakihitaji fedha nyingi. Ugali wa dona au uji mzito uliochanganywa na dagaa waliosagwa, maharage yaliyoiva sana, mtindi kidogo, yai likipatikana. Mbwa aliyekaa na njaa muda mrefu apewe kidogo mara nne kwa siku. Ukimshibisha siku ya kwanza utamwona akiharisha na kuvimba tumbo. Machinjioni wanatoa utumbo na damu bure, na watu wengi wanaojitolea hufurahia. Nakusihi: chemsha. Na ini au pafu lenye vifuko vya maji usimpe hata likichemshwa. Lizike kwa kina. Vifuko hivyo ni vya mdudu ambaye ndani ya mbwa huwa tegu mdogo sana, mayai yake yakatoka na kinyesi, na mtoto wa binadamu akayameza kwa mikono michafu, akaota uvimbe wa maji kwenye ini. Kwa wafugaji, mnyororo huu wa kondoo, mbwa na mtu ni wa karibu mno. Prazikwanteli ndiyo dawa ya tegu. Dawa za kawaida za minyoo mviringo hazimwondoi. Mwombe ofisa mifugo akupimie zote mbili kwa uzito wa mbwa.

Ngozi ndiyo inayowashtua wengi: mbwa amenyonyoka manyoya, amekuwa mwekundu na magamba, ananuka. Huo ni upele wa wadudu, unatibika, na manyoya huota upya baada ya wiki chache. Usimpake oili chafu ya gari. Najua kila fundi wa Katesh atakwambia inaponya. Inaunguza ngozi, na mbwa akijilamba inamwingia tumboni na kuharibu ini. Vilevile usimwogeshe kwa dawa ya josho kama unavyomwogesha ng'ombe. Baadhi ya dawa hizo ni sumu kali kwa mbwa. Ivermekitini ya sindano huponya upele, lakini ile ya ng'ombe ni nzito sana na mbwa wa kilo 15 anahitaji chini ya nusu mililita, kipimo ambacho mtu aliyezoea bomba la ng'ombe atakikosea kwa urahisi. Aipime mtaalamu. Wewe na watu wako mnaomshika mnaweza kuwashwa mikononi. Nawa kwa sabuni, itaisha.

Mbwa aliyetoka bonde la Yaeda au pori lolote lenye ndorobo, akiwa na homa na macho yanayogeuka meupe kama yenye ukungu, mpeleke kwa daktari haraka. Dawa ya ndorobo ya ng'ombe ipo kila duka la mifugo, ila kwa mbwa nafasi kati ya dozi inayotibu na dozi inayoua ni ndogo.

Chanjo ya kichaa hutolewa mbwa akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Ikipatikana chanjo ya pamoja yenye distempa, itafute. Ugonjwa huo wa mbwa uliingia kwa simba wa Serengeti mwaka 1994 na kuua karibu theluthi moja yao. Sisi tunaoishi kati ya Tarangire, Ngorongoro na Ziwa Eyasi hatuko mbali na wanyama wa porini. Chanjo ibebwe kwenye kisanduku cha barafu, na kadi ya chanjo iandikwe jina la mbwa, rangi yake, na jina la mwenyewe.

Jike

Watu wanataka dume. Watafiti waliohesabu mbwa vijijini Afrika Mashariki wamekuta madume mengi kuliko majike, na sababu haijifichi: mtoto jike hutupwa akiwa mdogo. Utakaowaokota kando ya barabara ya Babati kwenda Singida, ndani ya boksi, wengi watakuwa majike.

Jike hushika mimba kwa siku 63 hivi na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo usimtoe jike aliyekomaa kwa mtu yeyote kabla hajafungwa kizazi. Ni upasuaji wa tumbo, lazima ufanywe na daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, kwa ganzi ya kulaza kabisa na dawa ya maumivu. Kuhasi dume ni kwepesi zaidi, lakini nako kufanywe na daktari. Kile kifaa cha kuhasi ng'ombe kisitumike kwa mbwa. Kwa wilaya zetu daktari wa kupasua mbwa hapatikani kila wiki. Kusanyeni majike kumi au zaidi, mchange, kisha mwalikeni daktari kutoka Babati au Arusha kwa siku mbili, afanye kazi kwenye chumba safi cha shule wakati wa likizo. Mbwa Wa Africa, walioko Usa River mkoani Arusha, na TAWESO ya Dar es Salaam wamefanya kazi ya ustawi wa mbwa kwa miaka. Waandikieni kuomba ushauri wa kuandaa kambi kama hiyo.

Ukimpeleka jike aliyefungwa kizazi kwa familia, waeleze faida yake waziwazi: hatavutia kundi la madume kupigana uwanjani, hatapotea siku za joto, na analinda vilevile. Wamama wa Kiiraqw wanaolima karibu na makazi wameelewa hoja hii haraka kuliko wanaume, kwa ninavyoona.

Boma gani, mbwa gani

Mbwa wa kienyeji anapenda kazi. Mpe mtu anayehitaji kazi ile anayoiweza.

Aliyekulia nyuma ya ng'ombe hatulii kwenye uwanja wa mita kumi mjini Mbulu. Atabweka, atachimba, atatoroka. Mtafutie wafugaji wa Basotu au Yaeda, watu wenye boma la miiba na vijana wanaotembea naye kutwa. Muulize baba wa boma kama ana mbwa wengine na kama wanaelewana. Mgeni akiingizwa usiku kati ya mbwa watano anaweza kuraruliwa. Mwenye shamba linalopakana na msitu wa Nou anahitaji mbwa wa kubweka, mwenye masikio makali, wa kufukuza nyani na nungunungu. Kwa huyo jike mtulivu wa miaka miwili ni bora kuliko dume jitu. Familia ya mjini yenye watoto ipewe mbwa mdogo aliyelelewa na watu tangu wiki ya nane. Mbwa mwenye vidonda vya zamani na hofu ya wanaume mpe mjane au bibi anayekaa peke yake, kama ana nguvu ya kumlisha. Nimeona mbwa wa namna hiyo wakigeuka walinzi wasioacha kizingiti.

Nyumba ya Waislamu usiipite bila kuuliza, wala usiilazimishe. Wengi wanakubali mbwa wa ulinzi na wa mifugo akae nje, mbali na vyombo na mahali pa swala. Kubalianeni hivyo tangu mwanzo.

Anayetaka mbwa ili aingie hifadhini kuwinda bila kibali, mkatalie. Mbwa atachanwa na ngiri, na mwenyewe atakutana na askari. Anayesema atamfunga mnyororo mchana na usiku, mkatalie pia. Mbwa asiyefunguliwa huwa mkali kwa wenyeji na dhaifu kwa mwizi. Na hapa kuna jambo ambalo miongozo ya mbali hailijui: mbwa aliyefungwa nje usiku chini ya Mlima Hanang au ukingoni mwa bonde la ufa ni chakula cha chui na fisi. Ukimpa mtu mbwa mpya anayepaswa kufungwa siku za mwanzo, hakikisha usiku atakuwa ndani ya boma lililozungushiwa au ndani ya banda lenye mlango.

Siku za kufungwa zina sababu. Mbwa hukumbuka njia. Aliyehamishwa kilomita ishirini anaweza kurudi alikotoka usiku huo huo. Mpokeaji amlishe kwa mkono wake mwenyewe, amwite kwa jina moja, amtembeze kwa kamba kuzunguka mipaka asubuhi na jioni, kwa wiki tatu. Baada ya hapo afunguliwe kwanza jioni, kabla ya chakula.

Jambo hili lina uzito wa pekee Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023 matope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, yakafunika sehemu za Katesh, Jorodom na Gendabi. Watu zaidi ya 80 walifariki. Walionusurika walikaa kwenye shule na kwa ndugu, na baadaye baadhi wakajengewa nyumba Waret. Katika janga la namna hiyo watu hutangulia, na ndivyo inavyopaswa. Lakini kundi la wanaojitolea lililojiandaa linaweza kufanya mambo mawili bila kuwazuia waokoaji. La kwanza ni kuwakumbusha watu wanaohama wafungue mbwa waliofungwa. La pili, siku zinazofuata, ni kupita penye viwanja vilivyobomoka, maana mbwa hukaa palipokuwa mlango hata nyumba isipokuwapo, na kuwaandika: rangi, jinsia, mahali. Orodha hiyo ibandikwe kambini walipo wenyewe. Aliyepoteza kila kitu asiulizwe kama ataweza kumlisha mbwa. Mlisheni ninyi mpaka apate pa kukaa, kisha mrudishieni. Na mbwa wa familia iliyohamia makazi mapya afungwe wiki tatu zile zile, la sivyo atarudi kwenye matope.

Njiani

Kondakta wa basi atakataa mbwa, usigombane naye. Kodi Noah mkiwa kadhaa, au mwombe mwenye pikapu anayerudi tupu kutoka mnadani. Mbwa asile saa sita kabla ya kushuka Magara au Dareda, kwa kuwa kona zile zinamtapisha. Mpe maji kila mnaposimama. Ukivuka wilaya au mkoa, pata kibali cha kusafirisha kutoka kwa ofisa mifugo, ukiwa na kadi ya chanjo. Magonjwa ya wanyama yana sheria yake ya mwaka 2003, na kwenye kizuizi karatasi husema vizuri kuliko maelezo.

Watu, fedha na yasiyowezekana

Jitambulisheni kwa daktari wa mifugo wa halmashauri yenu. Ziko tatu: ya Mji wa Mbulu, ya Wilaya ya Mbulu na ya Wilaya ya Hanang, na kila moja ina kalenda yake ya chanjo. Mkijitolea kutangaza, kupanga foleni na kushika mbwa siku ya kampeni, hasa ile ya kuzunguka 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mtaokoa mbwa wengi kwa asubuhi moja kuliko kwa mwaka wa kuokota mmoja mmoja. Lengo linalotumika duniani ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Kiwango hicho kikifikiwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Pia mnapofahamiana na ofisi hiyo, mtasikilizwa mkipinga kuua mbwa kwa risasi au sumu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili, na sumu iliyotegwa kwenye mzoga haichagui: hula tai, hula mbwa wa mchungaji, na siku moja hula mtoto.

Usiuze mbwa uliyemwokoa. Pokea mchango wa chanjo kwa hiari, uandike, uonyeshe kila mtu. Kundi la kujitolea huvunjika kwa fedha zisizoandikwa kabla ya kuvunjika kwa uchovu. Na usipokee mbwa zaidi ya nafasi uliyo nayo. Uwanja wenye mbwa kumi na tano wasiotengwa ni mahali pa kueneza magonjwa, hata kama kila mmoja wao aliingia kwa huruma.

Watakuwepo usiowaweza: aliyevunjika uti wa mgongo barabarani, mwenye distempa inayomtetemesha mwili, mbwa aliyeuma watu wengi na bado anauma. Daktari wa mifugo ampumzishe kwa sindano, ukiwa karibu, ukimshika kichwa kama ni salama kumshika. Mwite hata ikibidi kumlipia nauli.

Kwa wale waliopata boma, daftari liwe na safu ya ziara: wiki ya kwanza, mwezi wa tatu, na mwezi wa kumi na mbili. Ziara ya mwezi wa kumi na mbili ndiyo ya chanjo ya marudio. Mtumie mpokeaji ujumbe wiki moja kabla, muulize kama mbwa anafuata ng'ombe vizuri, na uende na sindano, dawa ya tegu, na mkanda mpya wa shingoni kwa kuwa ule wa kwanza utakuwa umembana.